Muhuri Bila Shahidi: Tahakiki ya Upanuzi Otomatiki wa Maneno-Alama katika Mifumo ya Udhibiti wa Matoleo, kwa Mifano ya Data za Kinondoni na Temeke

Ikisiri

Makala hii inahakiki upanuzi otomatiki wa maneno-alama, yaani utaratibu ambao mfumo wa udhibiti wa matoleo huandika wenyewe, ndani ya faili, tarehe, namba ya toleo na jina la aliyewasilisha badiliko la mwisho. Hoja kuu ni kwamba utaratibu huu huchanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: maudhui ya faili na ushahidi kuhusu faili. Matokeo yake ni kasoro za kiutendaji, kama tofauti za uongo na migongano isiyo na sababu, pamoja na kasoro kubwa zaidi ya kimaana: msomaji huchukulia kuguswa kwa faili kuwa ni kuhakikiwa kwa maudhui yake. Mifano inatokana na data za ramani za Dar es Salaam, hasa Kinondoni na Temeke, ambako mipaka ya manispaa na hali ya mitaro hubadilika ilhali maandishi yanabaki. Makala inapendekeza kwamba ushahidi ukae katika historia ya mfumo, na muhuri upigwe pale tu nakala inapotoka nje ya hifadhi.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa leo anayeandika kwa Kiswahili hashiki muswada mmoja. Anashika faili nyingi: sura za tasnifu, majedwali ya istilahi, matini zilizokusanywa uwandani na hojaji zilizojazwa. Faili hizo hubadilika mara kwa mara, na mara nyingi huguswa na zaidi ya mtu mmoja. Mfumo wa udhibiti wa matoleo ni programu inayotunza kila hali ambayo faili zimepitia, pamoja na maelezo ya nani aliwasilisha badiliko, lini, na kwa sababu gani. Asili yake ni kazi ya waandishi wa programu, lakini manufaa yake hayaishii kwao.

Neno-alama, kama linavyotumika katika makala hii, ni neno maalumu linaloandikwa kati ya alama mbili za dola, kwa mfano $Date$ au $Author$. Mfumo unapolikuta katika faili, hulipanua: mahali palipokuwa na neno tupu huwekwa neno hilo pamoja na tarehe au jina la akaunti. Maneno haya yasichanganywe na maneno msingi yanayoandikwa chini ya ikisiri ya tasnifu. Maneno msingi huchaguliwa na mwandishi ili kumwongoza msomaji. Thamani ya neno-alama hujazwa na mashine bila kumuuliza mwandishi.

Swali linaloongoza tahakiki hii ni moja: maandishi yanayojazwa kwa namna hiyo yanashuhudia nini hasa? Swali hilo linawahusu watahini na watafiti kwa sababu tarehe iliyo juu ya waraka ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayosomwa, na ya mwisho kutiliwa shaka.

2.0 Chimbuko na Kusudi la Maneno-Alama

Tahakiki yenye haki huanza kwa kueleza kile ambacho waasisi walitaka kukitatua. Mfumo wa SCCS, ulioanzishwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1972, ulikuwa tayari na alama za namna hii. Tatizo lililokuwapo lilikuwa la kweli. Programu tekelezi ilikuwa ikipelekwa mbali na msimbo uliozaa programu hiyo, kisha ikaleta hitilafu, na hakuna aliyeweza kusema ilitokana na toleo lipi. Kwa kuweka alama ndani ya msimbo, ikabaki pia ndani ya programu, fundi aliweza kuitafuta na kuisoma. Mfumo wa RCS wa Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, uliotoka mwaka 1982, uliendeleza desturi hiyo kwa alama za dola tunazozijua. CVS, uliojengwa juu ya RCS, uliirithi na kuisambaza katika miradi mingi ya programu huria.

Ni muhimu kuona masharti yaliyoifanya desturi hiyo iwe na maana. Faili ilihesabiwa peke yake, na kila faili ilikuwa na namba yake ya toleo. Historia ilikaa katika kompyuta ambayo mpokeaji wa nakala hakuweza kuifikia. Mtu aliyepata nakala alikuwa na nakala tu, na chochote alichohitaji kujua kuhusu nakala hiyo ilibidi kiandikwe juu yake. Katika mazingira hayo neno-alama lilikuwa kama lebo ya gunia: gunia likitoka ghalani, lebo huondoka nalo. Udhaifu ulianza kuonekana lebo hiyo ilipotazamwa kama sehemu ya nafaka.

3.0 Kasoro za Kiutendaji

3.1 Tofauti za uongo

Kazi ya kwanza ya mfumo wa udhibiti wa matoleo ni kuonyesha kilichobadilika. Neno-alama huharibu kazi hiyo kwa sababu nalo hubadilika kila badiliko linapowasilishwa. Katika CVS, watu wawili waliofanya kazi katika matawi mawili, mmoja akigusa ukurasa wa kwanza na mwingine ukurasa wa kumi, walikuta mfumo ukidai kuwa wamegongana. Mgongano wenyewe ulikuwa katika mstari ambao hakuna aliyeuandika. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuuagiza mfumo uyarudishe maneno-alama katika hali yake tupu wakati wa kuunganisha matawi. Utaratibu unaopaswa kuzimwa ili kazi kuu ifanyike umejitolea ushahidi dhidi yake wenyewe.

Subversion, ulioanzishwa mwaka 2000 ili kurithi nafasi ya CVS, ulipunguza tatizo hili kwa njia mbili. Kwanza, upanuzi haufanyiki mpaka mtumiaji auombe kwa faili husika. Pili, mfumo hulinganisha faili zikiwa na maneno-alama yaliyokunjwa. Hata hivyo, mtu anayelinganisha nakala mbili zilizokwisha kutolewa nje, kwa programu ya kawaida ya kulinganisha matini, bado atakutana na tofauti zisizo za mwandishi yeyote.

3.2 Uharibifu wa data

Upanuzi hubadilisha herufi ndani ya faili, na kwa hiyo hubadilisha urefu wake. Kwa matini ya kawaida hilo linaweza kuvumilika. Kwa picha, au kwa faili yoyote isiyo ya matini, ni uharibifu. CVS ulichukulia faili zote kuwa matini isipokuwa umeambiwa vinginevyo; picha iliyowasilishwa bila agizo hilo iliweza kubadilishwa na isifunguke tena. Miradi ya ramani za Dar es Salaam imetumia picha zilizopigwa kwa ndege zisizo na rubani, na mtu anayefikiria kuhifadhi picha na majedwali katika mfumo mmoja hana budi kulijua jambo hili. Aidha, mtu anayekokotoa alama ya uthibitisho ya faili ili kujua kama haikuchezewa atapata alama tofauti kwa nakala mbili zenye maudhui yaleyale, kwa sababu tu moja imepanuliwa na nyingine haijapanuliwa.

3.3 Kufutwa kwa asili

Faili inapohamishwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine, mfumo mpya hulikuta neno-alama la zamani na kulijaza kwa taarifa zake. Jina na tarehe ya chanzo hupotea na mahali pake hukaa jina na tarehe ya aliyehamisha. Miradi ya FreeBSD, NetBSD na OpenBSD ililijua tatizo hili vizuri, maana ilichukuliana faili mara kwa mara, na kila mmoja ukajiwekea neno-alama lenye jina lake ili lisifutwe na wenzake. Suluhisho hilo lilizaa faili zenye mihuri miwili au mitatu kichwani. FreeBSD ulihamia mfumo wa Git mwishoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2023 ukaondoa neno-alama lake katika msimbo wake. Kwa mtafiti, kasoro hii ina uzito wa pekee: ni utaratibu unaoweza kulitoa jina la aliyekusanya data na kuliweka la aliyenakili, bila mtu yeyote kukusudia wizi wa kitaaluma.

4.0 Kasoro ya Kimaana: Kuguswa si Kuhakikiwa

Kasoro zilizotajwa hadi sasa zinaweza kurekebishwa na fundi hodari. Inayofuata hairekebishiki kwa ufundi, kwa kuwa inatokana na maana yenyewe ya tarehe iliyojazwa.

4.1 Mfano wa Manzese

Kabla ya Manispaa ya Ubungo kuanzishwa, Kata ya Manzese ilikuwa katika Kinondoni. Kati ya mwaka 2015 na 2016, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Sentensi nyingi zilizokuwa kweli zikaacha kuwa kweli bila mtu kuzigusa.

Tuchukue mfano wa kubuni juu ya jambo hili halisi. Mwaka 2015 mtafiti anaandika jedwali la mitaro ya maji ya mvua ya Manzese. Safu moja inataja manispaa, Kinondoni. Nyingine inaeleza hali ya mtaro, uko wazi au umeziba. Kichwani kuna $Date$. Mwaka 2019 msaidizi anafungua faili, anasahihisha neno moja lililokosewa tahajia, anaiwasilisha. Muhuri sasa unasema 2019. Msomaji atakayelipata jedwali hilo atasoma kwamba mwaka 2019 Manzese ilikuwa Kinondoni, na kwamba mwaka 2019 mtaro fulani ulikuwa wazi. Kosa la kwanza mkazi yeyote wa Dar es Salaam ataligundua. La pili hatagundua mtu yeyote mpaka mvua inyeshe.

Hapo ndipo palipo na hatari. Neno-alama halikusema uongo kwa maana finyu: faili iliguswa mwaka 2019. Lakini limekaa mahali ambapo desturi ya maandishi inaweka tarehe ya ushuhuda. Katika maisha ya kawaida, barua ya ofisi ya serikali ya mtaa hupigwa muhuri na mtu aliyeisoma au aliyepaswa kuisoma, na akiulizwa anaweza kujibu. Neno-alama lina sura ya muhuri huo, ila nyuma yake hakuna wa kuulizwa.

4.2 Tarehe ya nani, saa ya nani

Hata tarehe ya kuguswa yenyewe si thabiti. Katika CVS, $Date$ huandikwa kwa saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtu wa Mbagala, Temeke, anayewasilisha taarifa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai atapigiwa muhuri wa tarehe 30 Juni. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, taarifa hiyo imerudishwa katika mwaka wa fedha uliokwisha. Katika Subversion, $Date$ hutumia saa za kompyuta ya msomaji ilhali $Id$ hutumia UTC. Faili moja inaweza kubeba tarehe mbili tofauti za tukio moja, kila moja ikiwa sahihi kwa hesabu yake.

4.3 Jina la akaunti na jina la mwandishi

Neno $Author$ hujazwa kwa jina la akaunti iliyowasilisha badiliko. Pale ambapo kila mtu ana kompyuta yake, akaunti na mtu huenda vikakaribiana. Pale ambapo kompyuta moja ya maabara hutumiwa na wengi, au ambapo msaidizi mmoja mwenye intaneti nzuri huwasilisha kazi za wenzake waliokuwa uwandani, neno hilo humtaja mbeba mzigo na kumwacha mwenye mzigo. Jina lake la Kiingereza lina maana ya mwandishi, na ndivyo msomaji atakavyolielewa.

Taaluma ya miswada ya Kiswahili imelijua tatizo hili kabla ya kompyuta. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili miswada mingi ya tendi, mingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mhakiki anayeshika muswada wa aina hiyo huuliza mara moja: tarehe hii ni ya kutunga au ya kunakili? Jina hili ni la mtunzi au la mnakili? Mnakili alikuwa mtu, aliandika kwa mkono wake, na mwandiko wake wenyewe ni ushahidi. Neno-alama hutuletea utata uleule bila mwandiko.

4.4 Nakala iliyo mikononi

Neno-alama hujazwa wakati wa kuwasilisha badiliko au kuchukua faili kutoka hifadhini, si wakati wa kuhariri. Mtahiniwa aliyeandika upya kurasa tano usiku na kuzichapa asubuhi kabla ya kuziwasilisha katika mfumo, atakuwa na karatasi zenye maneno mapya chini ya namba ya toleo la zamani. Msimamizi akitafuta toleo hilo hifadhini atapata maandishi mengine. Vilevile, namba hiyo inahusu faili moja tu. Sura ya tatu inaweza kuonyesha toleo la Machi wakati jedwali inalolitegemea lilibadilika Juni. Hakuna muhuri wowote kati ya hiyo unaosema tasnifu nzima ilikuwa katika hali gani siku fulani.

5.0 Funzo kutoka Ramani za Dar es Salaam

OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, ni hifadhi ya matoleo kwa asili yake: kila nyumba, njia na mtaro una namba ya toleo, wakati na akaunti ya aliyehariri. Katika miaka ya mwanzo, programu za kuhariri ziliweka pia alama iitwayo created_by ndani ya kila kitu zilichokigusa, ikitaja jina la programu. Ilikuwa sawa kabisa na neno-alama: maelezo ya chombo yakiwa yamepachikwa ndani ya maelezo ya kitu. Kisima kikawa na sifa ya kuchorwa kwa programu fulani, pembeni ya sifa ya kuwa na maji.

Aprili 2009 mradi ulibadilisha muundo wake. Mabadiliko yalianza kukusanywa katika mafungu, na maelezo kuhusu uhariri yakahamishiwa kwenye fungu. Alama za zamani zilizobaki zimekuwa zikiondolewa kidogo kidogo na programu za kuhariri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale, Kinondoni, walipochora mtaa wao mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015 kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, walikuta muundo uliokwisha kusafishwa. Anayetaka kujua historia ya mtaro wa Tandale au wa Keko, Temeke, huisoma historia hiyo mahali pake, na mtaro unabaki na sifa za mtaro.

Hata hivyo, tusikimbilie kusifu. Kazi za kuchora kwa mbali zinazogawanywa kupitia jukwaa la pamoja humpa mchoraji maelezo ya fungu yaliyojazwa tayari. Asipoongeza lake, mafungu mengi ya watu wengi hubeba sentensi moja isiyosema ni nini kilichofanyika. Ni upanuzi otomatiki uliorudi kwa mlango mwingine. Kinyume chake ni alama ya check_date, ambayo huandikwa kueleza siku ambayo kitu kilikaguliwa. Tarehe hiyo haibadiliki kwa sababu mtu amesahihisha tahajia. Inasubiri mtu mwingine aende akaone.

6.0 Hoja ya Utetezi

Mtetezi wa maneno-alama atasema kwamba historia iliyo hifadhini haimsaidii mtu mwenye karatasi mkononi. Afisa wa kata aliyepewa ramani iliyochapwa hana mfumo wowote wa kuuliza. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo iliyoanzisha utaratibu wote. Lakini inathibitisha tu kwamba nakala inayotoka inahitaji muhuri. Haithibitishi kwamba kila faili ndani ya hifadhi inahitaji kubeba muhuri unaobadilika daima.

Mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, unaonyesha njia ya kati. Hauna $Date$ wala $Author$. Neno $Id$ hupanuliwa pale tu mtumiaji anapoomba, na linachojazwa ni alama iliyokokotolewa kutokana na maudhui ya faili. Haliwezi kudai jambo lolote juu ya mtu au siku. Kwa upande mwingine, Git una uwezo wa kujaza taarifa za toleo wakati wa kutengeneza furushi la kutoka nje. Muhuri hupigwa mlangoni, mara moja, juu ya kazi nzima, na nakala iliyobaki ndani haiguswi. Utaratibu huo unamhudumia afisa wa kata kwa kiwango kilekile bila kumpotosha mtafiti.

7.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kwamba upanuzi otomatiki wa maneno-alama ulijibu hitaji halali la miaka ya 1970 na 1980, ukaendelea kutumika baada ya masharti ya hitaji hilo kubadilika. Kasoro zake za kiutendaji zimepunguzwa na mifumo iliyofuata. Kasoro yake ya kimaana imebaki, kwa sababu tarehe inayojijaza yenyewe itasomwa daima kama tarehe ya mtu aliyeona.

Kwa tasnifu zinazotegemea data zinazobadilika, mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, maneno-alama yanayojijaza yasiwekwe katika majedwali ya data wala katika sura za tasnifu. Pili, kila taarifa ya uwandani iwe na tarehe ya kuonwa, iliyoandikwa na aliyeona, pamoja na jina au msimbo wake kwa mujibu wa maadili ya utafiti. Tarehe hiyo ibadilike tu pale atakaporudi mtu kuona tena. Tatu, nakala inayowasilishwa kwa watahini itolewe kutoka toleo moja lililotajwa la hifadhi nzima, na toleo hilo litajwe katika ukurasa wa mwanzo. Mtahini akiuliza mtaro wa Manzese ulikuwa wazi lini, mtahiniwa aweze kumwonyesha tarehe ambayo kuna mtu alisimama kando ya mtaro huo.